Simu Iliyobaki Nje ya Nyumba

Mwaka 1910 kanisa la wakulima wa Kiamish katika kaunti ya Lancaster, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, liligawanyika. Karibu moja ya tano ya waumini walijitoa, wakaanza ibada zao wenyewe. Ugomvi ulikuwa umeanzia mbali, kwenye swali la namna ya kuishi na ndugu aliyetengwa na kanisa. Lakini ndani yake mlikuwa pia na jambo ambalo mgeni angeliona dogo: sanduku la mbao la kutundika ukutani, lenye kengele mbili kwa juu, mkono wa kuzungusha ubavuni na pembe ya kusemea iliyochomoza mbele. Waliojitoa walitaka kubaki na simu zao. Waliobaki waling'oa zao.

Imepita miaka zaidi ya 110. Vitukuu wa wale walioing'oa simu bado wanalima palepale kwa farasi na nyumbu, wanasafiri kwa vigari vya kukokotwa, na wengi wao hawana simu ndani ya nyumba. Wala hawajapungua. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waamish wa Marekani walikuwa kama 5,000 au 6,000. Leo, pamoja na walioko Kanada, ni takriban 400,000, na idadi yao huongezeka maradufu kila baada ya miaka 20 hivi. Hawaishi porini pia. Lancaster iko kama kilomita 110 magharibi ya Philadelphia, na nyaya za simu zinapita mbele ya malango yao tangu enzi za mababu. Simu waliijua mapema kama majirani zao. Waliitundika ukutani, wakaitumia, wakaona inayoyafanya, wakakaa kikao, wakaamua. Ndiyo maana habari yao inamfaa mtu yeyote anayejiuliza leo kama inawezekana kuishi bila simu ya mkononi: hawa ni watu waliolihangaikia swali hilo kwa zaidi ya karne moja, na wamelihangaikia kwa pamoja.

Asili yao ni Uswisi. Januari 1525, mjini Zurich, kikundi kidogo cha waumini kilibatizana upya, kwa kuamini kwamba ubatizo ni uamuzi wa mtu mzima na si wa mtoto mchanga. Wakaitwa Waanabaptisti, yaani wabatizaji wa mara ya pili, na kwa kosa hilo wengi wao walichomwa moto, wakakatwa vichwa au kutoswa mtoni. Menno Simons, padri Mholanzi aliyejiunga nao mwaka 1536, ndiye aliyewaachia jina la Wamennonite. Mwaka 1693 mzee mmoja wa kanisa, Jakob Ammann, alidai nidhamu kali zaidi, hasa kwa waliotengwa, na wafuasi wake wakawa Waamish. Katika karne ya 18 wengi walivuka Atlantiki kwenda Pennsylvania, koloni ambako William Penn alikuwa ameahidi uhuru wa dini. Hadi leo nyumbani wanazungumza Kijerumani cha Pennsylvania, na jirani yeyote asiye wa kanisa lao humwita Mwingereza, hata kama babu yake alitoka Italia.

Kanisa hilo halina makao makuu, halina mkuu mmoja wala chuo cha wachungaji. Kila usharika una familia kama 25 hadi 40, na ibada hufanyika nyumbani kwa muumini mmoja baada ya mwingine, Jumapili moja ikipita na nyingine ikisaliwa. Mhubiri anapohitajika, waumini hutaja majina ya wanaofaa, kisha hupigwa kura kama ile iliyompata Mathiya katika Matendo ya Mitume. Kikaratasi chenye andiko hutiwa ndani ya kitabu kimoja cha nyimbo, vitabu hupangwa mezani, na kila aliyetajwa huchukua chake. Atakayekuta kikaratasi amepata kazi ya maisha yake yote, tena isiyo na mshahara.

Sheria za kila siku hukaa katika kitu wanachokiita Ordnung, utaratibu wa kanisa, ambao kwa sehemu kubwa haujaandikwa popote. Kofia iwe na ukingo upana gani, kigari kiwe rangi gani, mashine ipi iingie shambani: yote yamo humo. Mara mbili kwa mwaka, majira ya kupanda na majira ya kuvuna, usharika hukutana kuyapitia mambo hayo kabla ya Meza ya Bwana. Kila muumini aliyebatizwa, mwanamume kwa mwanamke, huulizwa kama anakubaliana nayo na kama ana amani na wenzake. Amani ikikosekana, Meza ya Bwana huweza kuahirishwa. Simu ilifikishwa mbele ya kikao cha namna hiyo.

Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu Machi 7, 1876. Kwa karibu miaka 20 kampuni yake ilihodhi biashara hiyo na kuhudumia zaidi miji, kwa kuwa mjini ndiko kulikokuwa na faida. Hataza zake za msingi zilipomalizika mwaka 1893 na 1894, vijiji vikapata nafasi. Wakulima walichangishana fedha, wakakata nguzo msituni, wakavuta waya wenyewe. Katika majimbo ya magharibi wengine walitumia seng'enge ya uzio wa ng'ombe kupitishia sauti. Kasi ilikuwa kubwa kiasi kwamba sensa ya mwaka 1920 ilikuta simu katika karibu asilimia 39 ya mashamba ya Marekani.

Simu ya shamba haikuwa ya faragha. Waya mmoja ulipita nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba ilikuwa na mlio wake: mmoja mrefu na miwili mifupi kwa huyu, mitatu mifupi kwa yule. Kengele ililia katika nyumba zote kwa pamoja. Mtu alisikiliza, akahesabu, akajua anayeitwa ni jirani wa tatu, kisha akanyanyua kipokea sauti polepole kisije kikagonga, akaziba pembe ya kusemea kwa kiganja, akasikiliza. Jioni za baridi, shamba likiwa chini ya theluji, nyumba nzima nzima zilikaa hivyo. Aliyekuwa akizungumza aliweza kutambua kwamba masikio yameongezeka, maana kadiri simu zilivyonyanyuliwa ndivyo sauti ilivyofifia.

Waamish kadhaa wa Lancaster waliweka simu majumbani, na mwanzoni hapakuwa na sheria ya kuwazuia. Simulizi iliyobaki miongoni mwa wazee wao, ambayo mwanasosholojia Donald Kraybill aliikusanya alipokuwa akiandika juu ya jamii hiyo, inaeleza kilichofuata. Mwanamke mmoja alikuwa akimsengenya mwenzake kwenye simu, na yule aliyesengenywa alikuwa kwenye waya uleule, anasikia kila neno. Jambo likawa kubwa, likafika kanisani. Baada ya mashauri ikaamuliwa kwamba simu ziondoke majumbani kabisa.

Umbea peke yake usingetosha kulipasua kanisa. Mtafiti Diane Zimmerman Umble, katika kitabu alichokitoa mwaka 1996 kuhusu simu miongoni mwa Waamish na Wamennonite wa Lancaster, anaonyesha kwamba mzizi ulikuwa ndani zaidi. Katika jamii hizo maneno yana mahali pake. Habari ya msiba hupelekwa na mtu, kwa miguu au kwa kigari, naye hukaa. Anayeomba radhi huja akaonekana uso. Mavazi yanasema, ukimya unasema, mpangilio wa viti kwenye ibada unasema nani mkubwa kwa nani. Simu iliyang'oa maneno kutoka hapo ikayabeba yenyewe tu, bila uso na bila mwenye nyumba kukaribisha. Tena waya ule ulikuwa wa kampuni, au wa ushirika wenye wanahisa wa kila dini na wasio na dini. Kwa watu waliolelewa kwenye mafundisho ya Mtume Paulo ya kutofungwa nira pamoja na wasioamini, kufungwa na dunia kwa waya lilikuwa jambo la kuonekana kwa macho.

Jirani zao wa karibu kwa imani, Wamennonite wa mkondo wa zamani, walikumbwa na ugomvi uleule miaka ileile na wakatoka na jibu lao. Muumini wa kawaida aliruhusiwa kuwa na simu. Wahubiri na maaskofu hawakuruhusiwa. Mwenye kubeba dhamana ya kanisa alipaswa kuonyesha mfano kwa kuikosa.

Waamish hawakutangaza kamwe kwamba kupiga simu ni dhambi, na hapo ndipo wengi hukosea wanapowasimulia. Aliyehitaji alikwenda dukani, stesheni ya treni au kwa jirani Mwingereza, akapiga, akashukuru, akarudi kwake. Kilichokatazwa ni kuimiliki na kuikaribisha ndani. Umeme ulipofika miaka michache baadaye, mwaka 1919, viongozi wa Lancaster walifuata njia hiyohiyo: betri na injini ziliendelea, ila waya wa kutoka kwenye gridi hautaunganishwa na nyumba. Kila mara waliuliza kitu hicho kinaunganisha nyumba na nani, na kitakaa wapi.

Katikati ya miaka ya 1930 shida ilibisha hodi. Mtoto anaugua usiku, ng'ombe anakwama kuzaa, ghala la nyasi linashika moto, na jirani mwenye simu yuko mbali. Familia kadhaa ziliwaendea viongozi na ombi: waruhusiwe kuchangia simu moja, iwekwe mahali pasipo nyumba ya mtu. Viongozi wakaridhia. Ndivyo kilivyozaliwa kibanda cha simu, ambacho baada ya muda kilienea katika makazi mengi ya Waamish.

Kibanda chenyewe ni cha mbao, kina upana wa kumtosha mtu mmoja kusimama, na kwa mbali watu hukidhania choo cha nje. Hujengwa pembeni mwa njia, mwisho wa shamba au nyuma ya ghala. Ndani mna simu ya waya, rafu, kalamu iliyofungwa kwa kamba, orodha ya namba zilizoandikwa kwa mkono, na daftari ambamo kila anayepiga huandika jina ili bili ya mwezi igawanywe kwa haki. Kwa muda mrefu namba za vibanda hazikuchapishwa katika kitabu cha simu, kwa kuwa kazi ya kibanda ilikuwa kupiga na si kupigiwa. Wakati wa baridi mtu hatakaa humo kupiga soga. Atasema alichokuja kusema, atafunga mlango.

Muongo huohuo ambamo Waamish walikuwa wakiomba kibanda, binamu zao wa imani walikuwa wakivuka bahari kuja Afrika Mashariki. Mwaka 1934 wamisionari wa Kimennonite kutoka Lancaster, Elam na Elizabeth Stauffer pamoja na John na Ruth Mosemann, waliingia Tanganyika na kufungua kituo Shirati, karibu na Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Mara. Kutokana na kazi hiyo lilikua Kanisa la Mennonite Tanzania, ambalo mwaka 1967 lilimpata Zedekia Kisare kuwa askofu wake wa kwanza Mwafrika. Wamennonite hao walikuwa wa tawi lililokwisha kukubali simu na motokaa, ingawa waliendelea kushika mavazi ya unyofu: koti lisilo na ukosi kwa wanaume, kitambaa cha kichwa kwa wanawake. Muumini wa Shirati au Musoma aliyewahi kujiuliza mafundisho hayo ya mavazi yalitoka wapi, ajue kwamba yalitoka katika kaunti ileile, kwa mababu walewale waliobishana kuhusu simu.

Bila simu ndani, Waamish walibaki na njia zao za kupashana habari, na walizitunza kwa bidii. Ya kwanza ni kutembeleana. Jumapili isiyo na ibada ni siku ya kwenda kwa watu, mara nyingi bila taarifa, na mwenye nyumba hutarajia wageni. Ya pili ni gazeti. Mwaka 1890, katika mji wa Sugarcreek, Ohio, lilianzishwa The Budget, gazeti la kila wiki ambalo kurasa zake hujazwa na barua kutoka kila makazi ya Waamish. Mwandishi wa kijiji, ambaye halipwi, huandika nani amejifungua, nani amevunjika mguu, mvua ilinyesha kiasi gani, nani amefika kumwona shangazi yake. Msikilizaji wa zamani wa vipindi vya salamu vya Radio Tanzania au Sauti ya Kenya angelielewa gazeti hilo mara moja. Mwaka 1975 likaongezeka jingine, Die Botschaft, lililotaka barua kutoka kwa watu wa mkondo wa zamani peke yao. Na wenye The Budget walipopanga kuziweka barua hizo kwenye intaneti, waandishi wa vijijini walitishia kuacha kuandika, mpango ukaachwa.

Njia ya tatu ndiyo inayopendeza kuliko zote. Watu wenye jambo moja linalowaunganisha, tuseme wazazi wenye watoto wagonjwa, walimu, au binamu waliotawanyika majimboni, huanzisha barua ya mzunguko. Bahasha nene huingia kwa posta ikiwa na barua za wote. Anayeipokea huzisoma zote, hutoa barua yake ya zamani, hutia mpya, kisha hutuma bahasha kwa anayefuata. Inaweza kuchukua wiki nyingi kurudi ilikoanzia. Hakuna anayehimizwa ajibu sasa hivi, na kila mtu husomwa na kila mwenzake hadi mwisho.

Lakini ardhi haikuongezeka. Familia yenye watoto saba si jambo la ajabu miongoni mwa Waamish, na mashamba ya Lancaster ni miongoni mwa yenye rutuba na bei kubwa katika upande huo wa Marekani. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vijana wengi walikosa shamba la kununua, wakaingia katika useremala, ujenzi, uhunzi, utengenezaji wa vigari na ushonaji wa mafarishi yanayopendwa na watalii. Seremala mwenye wateja Philadelphia na New York hawezi kungoja barua. Simu ikaanza kusogea: kutoka mwisho wa njia hadi nyuma ya karakana, mara nyingine hadi kwenye kiofisi cha pembeni. Mashine ya kurekodi ujumbe ilipokuja, wengi waliipokea vizuri kuliko mtu angetegemea. Kwa mashine hiyo, mteja huacha maneno, fundi husikiliza asubuhi kabla ya kazi au baada ya chakula, hurudisha simu zote kwa mkupuo, na kengele haikatizi sala wala mlo.

Majirani wengine husema huo ni unafiki: kama simu ni mbaya iachwe, kama ni nzuri iingie ndani. Hoja hiyo inasahau kwamba Waamish hawakuwahi kuihukumu simu kuwa mbaya au nzuri. Walichokilinda ni meza na sebule, mahali mtoto anapojifunza kumsikiliza mkubwa na mgonjwa anapoketi na waliokuja kumtazama. Hatua 50 za kutembea hadi kibandani, gizani au kwenye mvua, humpa mtu nafasi ya kujiuliza kama jambo lake ni la kupigia simu au la kumwendea mhusika. Umbali huo waliuweka makusudi.

Simu ya mkononi iliuvuruga mpango huo wote. Ilipoanza kuonekana Lancaster katika miaka ya 1990, viongozi waliona mara moja ugumu ambao baba zao hawakuwa nao. Simu ya ukutani ingeweza kuhamishwa. Sanduku lile lilikuwa na mahali. Hii mpya haina mahali. Hulala mfukoni, haina waya wa kuonekana kutoka barabarani, na huingia hadi kitandani bila shemasi kujua. Mwandishi Howard Rheingold alikwenda Lancaster kuandika habari hiyo, ikachapishwa mwanzoni mwa mwaka 1999 katika jarida la teknolojia la Wired. Alichokutana nacho ni watu waliokuwa wakijiuliza simu hizo zitawafanya wawe watu wa namna gani wakishazizoea. Intaneti ilipoingia ndani ya simu, hofu iliongezeka, kwa sababu sasa mfukoni mwa kijana mlikuwa na picha, sinema, dini na biashara za dunia nzima.

Majibu yametofautiana, kama kawaida ya kanisa lisilo na makao makuu. Waamish wa kundi la Swartzentruber, walio wakali kuliko karibu wote, hawataki hata kibanda kwenye ardhi yao. Huenda kwa jirani. Upande wa pili, sharika nyingi za mkondo unaoitwa Utaratibu Mpya, ulioanza katika miaka ya 1960, huruhusu simu ndani ya nyumba. Katikati kuna maridhiano ya kila aina. Mafundi ujenzi wanaokwenda kazini kwa gari la kukodi, lenye dereva Mwingereza, hutumia simu ya dereva. Kuna sharika zilizokubali kifaa chenye umbo la simu ya mezani kinachotumia mtandao wa simu za mkononi, ilimradi kipige na kupokea tu, kisitume ujumbe wala kufungua intaneti. Na wapo wanaobeba simu kamili kazini na kuizima wanapofika lango la nyumbani, wakijua kwamba askofu anajua.

Gharama ya utaratibu huu ni ya kweli, na ilionekana Oktoba 2, 2006. Asubuhi hiyo ya Jumatatu mtu mwenye bunduki aliingia katika shule ya darasa moja ya Waamish huko Nickel Mines, Lancaster. Shule haikuwa na simu. Mwalimu alitoka mbio kukatiza mashamba hadi kwa jirani, na wito wa polisi ukapigwa kutoka huko. Polisi walifika dakika chache baadaye. Wasichana 10 walipigwa risasi, 5 wakafa, na muuaji akajiua. Dunia inaikumbuka zaidi siku ile kwa jinsi Waamish walivyomsamehe muuaji na kwenda kuwafariji mjane wake na wazazi wake. Walikwenda kwa miguu, nyumbani kwao, siku ileile.

Kuna gharama nyingine zisizofika magazetini. Mwanamke anayepigwa na mumewe hana pa kupiga simu ila kibandani, ambako majirani watamwona anaingia. Aliyebatizwa kisha akaondoka hutengwa, na kwake hata barua za mzunguko hukoma. Tena desturi yote inasimama juu ya nchi iliyojaa simu za wengine: daktari anayo, zimamoto wanayo, dereva anayo, mteja anayo. Waamish wenyewe hulikubali hilo bila kuona haya. Hawakuwahi kudai kwamba dunia nzima iishi kama wao.

Kwa msomaji wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam mfano huu una fundisho la kiutendaji. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya Machi 2007, simu imekuwa pochi, benki, tiketi na mchango wa harusi. Mtu anayeamua peke yake kuiacha huwahamishia ndugu zake mzigo: kaka atamlipia nauli, binti atampokelea fedha, jirani atamletea habari ya msiba kwa kuchelewa. Baada ya muda ndugu watachoka, au yeye atachoka kuomba. Waamish hawakukutana na ukuta huo kwa sababu hakuna aliyeacha peke yake. Kulikuwa na usharika uliokubali kwamba habari itatembea polepole, na watu wa kuibeba, na siku ya wiki ya kutembeleana, na gazeti, na kibanda. Anayetaka kuthubutu jambo hilo katika mji wa leo ana kazi ya kuwatafuta kwanza watu wa kuacha nao.

Lancaster kwenyewe suala halijafungwa. Kijana wa Kiamish anapofikisha miaka 16 huanza kutoka na wenzake mwishoni mwa wiki, na kwa kuwa hajabatizwa, Ordnung haijamfunga. Wengi wana simu za kisasa, na wazazi hujifanya hawazioni. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya vijana hao hatimaye huomba ubatizo, kwa kawaida kati ya miaka 18 na 22, na simu ni miongoni mwa vitu wanavyotakiwa kuviacha siku hiyo. Kuna wanaoiuza, kuna wanaomwachia mdogo wao, na kuna wanaoificha karakanani ndani ya sanduku la misumari. Kwa ajili ya hao wa mwisho, suala la simu hurudi kwenye kikao cha usharika kila majira ya kupanda na kila majira ya kuvuna, na maaskofu wa Lancaster hulijadili tena wakutanapo.